Dodoma tupate mashine moja ya mionzi ya utafiti, ya wote, na mtu wa kuihudumia (uzi mrefu)

#1 MaabaraMakulu

Wakuu, salaam.

Kila bajeti inapokaribia, hoja ya Dodoma kuwa kitovu cha utafiti wa saratani inafufuka, na kila mara inaishia kwenye majengo. Leo naomba tuongelee kitu kimoja kinachotakiwa kuwa ndani ya majengo hayo: mionzi ya kufanyia utafiti. Tiba ya mionzi anayopewa mgonjwa ni jambo jingine, ina mashine zake na watu wake. Ninayoisema mimi ni mashine ya maabara inayotosha kukaa kwenye chumba cha kawaida. Mtafiti anaingiza seli, damu au panya, anafunga mlango, na kilichomo ndani kinapigwa kiasi cha mionzi kinachojulikana.

Hoja yangu: mji huu unahitaji mashine moja ya namna hiyo, itumiwe na wote, iwe ya eksirei na si ya sesiamu (madini yanayotoa mionzi yenyewe muda wote), na mtu wa kuihudumia aajiriwe kabla haijanunuliwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, St. John's, watu wa mifugo wa Mpwapwa, wote wagonge mlango mmoja.

Inafanya nini? Niwape mfano wa hapahapa kwetu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 kati ya wagonjwa 68 waliorekodiwa Dodoma na Manyara. Hao ni wa vifo vya haraka. Sumu hiyohiyo ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Hata mahali inapogonga panajulikana: ni kwenye jeni inayoitwa TP53, nafasi ya 249, ambapo herufi moja ya vinasaba inageuka na protini inatoka na kasoro. TP53 ndiyo inayoiamuru seli isimame au ife pale vinasaba vyake vinapokatika. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua seli ya ini yenye kasoro hiyo inafanya nini ikiumizwa, anahitaji njia ya kuvikata vinasaba kwa kipimo. Grei ni kipimo cha mionzi inayomezwa na kitu, na grei moja inaacha katika kila seli mikato ipatayo 20 hadi 40 ya nyuzi zote mbili, na mikato ya uzi mmoja karibu elfu moja. Kemikali haikupi hesabu safi hivyo, maana lazima kwanza ipenye, isambae, imeng'enywe, na kila seli inapata kiasi chake.

Jaribio lenyewe linaonekana kwa macho. Unapanda seli chache kwenye sahani kadhaa. Moja haipigwi kabisa, nyingine inapigwa grei 2, nyingine 4, 6, 8. Unaziacha kwenye inkubeta kwa wiki mbili hivi. Kisha unamimina rangi ya zambarau, unasuuza taratibu, na vidoa vinajitokeza. Kila kidoa ni ukoo wa seli moja iliyonusurika ikaendelea kuzaana. Kikiwa na seli pungufu ya 50 hakihesabiwi. Sahani ya sifuri imejaa vidoa mpaka pembeni, ya grei 8 unakuta viwili vitatu. Watafiti wa Marekani, Puck na Marcus, ndio waliochora mchoro huo kwa seli za binadamu mwaka 1956, wakitumia seli za HeLa zilizotoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mpaka leo jaribio hilo ndilo kipimo kinachoaminika cha kama dawa fulani inazisaidia seli za saratani kufa kwa mionzi, na wanafunzi wengi wa huku wanaliona kwenye slaidi tu. Inaniuma.

Yapo matumizi mengine. Seli nyingine haziishi zikiwa peke yake, zinahitaji kuwekwa juu ya seli walezi zinazozilisha. Walezi hao wanapigwa mionzi mingi, grei 30 au zaidi, ili wasizaane lakini waendelee kutoa chakula chao. Kuna panya wanaofutwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kwa mionzi na kupandikizwa uloto mwingine, ili mtafiti aone seli za kinga zinatoka wapi. Kuna na wadudu, nitawagusa mbele.

Inaendelea.

#2 MaabaraMakulu

Kwa nini eksirei na si sesiamu.

Mashine za zamani za maabara zina kipande cha sesiamu-137 ndani ya kinga nzito ya madini ya risasi. Ina sifa zake: haihitaji umeme kutoa mionzi, haina bomba la kuungua, na nguvu yake inapungua pole sana, kama asilimia 2.3 kwa mwaka, kwa kuwa nusu uhai wake, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni miaka 30. Ndiyo maana ilipendwa. Tatizo ni kwamba haizimiki. Chuo kikifunga idara, mhusika akistaafu, mradi ukiisha, sesiamu bado ipo palepale na inahitaji mlinzi. Tena ile ya mashine hizi ni chumvi ya unga, ikitoka inapeperuka na kuyeyuka kwenye maji.

Goiânia, Brazili, mwaka 1987: mashine ya tiba iliachwa kwenye kliniki iliyohama. Waokota vyuma chakavu wakaibeba, wakaifungua, wakakuta unga unaong'aa bluu gizani. Ukagawiwa ndugu na jirani. Watu wanne walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Na msidhani ni mambo ya zamani. Mei 2019 huko Seattle, Marekani, wataalamu walikuwa wanaiondoa mashine ya sesiamu ya utafiti kwa utaratibu kabisa, wakakikata kifuko chake kwa bahati mbaya. Watu 13 walichafuka na jengo likafungwa karibu miaka miwili. Hiyo ni nchi yenye kila kifaa. Ndiyo sababu Wamarekani wana mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye mashine hizo kuhamia eksirei, na Ufaransa na Norwei zimeshaziondoa kwenye benki za damu.

Kwetu hapa ambako vyuma chakavu vinanunuliwa kila mtaa, kuanzia leo kuleta sesiamu mpya ni kujitafutia mzigo ambao wajukuu wataubeba. Eksirei ukizima swichi, mionzi imekwisha.

Kwa nini ya wote. Mtafiti mmoja anaitumia mashine hii dakika chache kwa wiki. Siku nyingine zote imekaa. Bomba lake linazeeka hata likikaa, linahitaji kupashwa moto kwa utaratibu kabla ya kazi, mkataba wa matengenezo unalipwa uitumie usiitumie, na leseni ya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, inadai chumba kinachofaa, vipimo, kumbukumbu na afisa usalama wa mionzi, iwe unapiga sahani moja au mia. Gharama hizo zikigawanywa kwa taasisi tano au sita zinabebeka. Zikiachiwa idara moja zinaiua mashine. Nimeona chuo kimoja, sitakitaja, kifaa cha kuhesabia mionzi kimekaa kwenye kreti lake mpaka warranti ikaisha kwa sababu aliyekiomba alienda masomoni na hakuna mwingine aliyejua kukifunga.

Karibuni mchangie. Wenye hofu, wenye maswali, wenye kupinga, wote.

#3 Bahi_Sokoni

Mkuu asante kwa elimu. Ila sisi huku Bahi tumekuwa na habari za urani miaka mingi, watu wana hofu na neno mionzi. Leo unataka tuletewe nyingine mjini. Huyo panya akishapigwa, akitupwa jalalani, si ndiyo tunasambaziwa?

#4 MaabaraMakulu

Ndugu yangu wa Bahi, hofu yako ina haki na nakujibu kwa uzito.

Urani ya Bahi na Manyoni iko ardhini yenyewe, inatoa mionzi muda wote na imekuwepo kabla ya sisi sote. Hatari yake kubwa ni ikichimbwa ovyo ikaingia kwenye maji na vumbi. Mashine ninayoisema haina madini yoyote ndani. Ni bomba la umeme kama la eksirei ya kifua, ila lenye nguvu zaidi na lililofungwa kwenye kabati la risasi ambalo mlango ukifunguka linajizima.

Na panya aliyepigwa eksirei hageuki kuwa chanzo cha mionzi. Mionzi imepita, imevunja vinasaba vyake, imeishia hapo. Ukimpima kwa kipimo dakika hiyohiyo hutakuta kitu. Mzoga wake unachomwa kwa sababu za usalama wa maabara kama mzoga wa panya yeyote wa utafiti. Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 imeweka udhibiti wake, na kiwango cha kimataifa kwa raia asiyefanya kazi hizo ni milisiveti 1 kwa mwaka juu ya ile ya asili. Nje ya kabati lililopimwa vizuri hufikii hata karibu na hapo.

Hata hivyo nakubali: watu wa mtaa waelezwe kabla chumba hakijajengwa. Wasisikie redioni.

#5 Fizikia_Tiba

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni mwanafizikia wa tiba, nipo kanda nyingine. Swali la kitaalamu: kwa nini msingoje mashine kubwa za tiba ya saratani, mkaomba muda wa usiku? Sehemu nyingi duniani watafiti wanafanya hivyo. Mnaepuka kununua.

#6 MaabaraMakulu

Mkuu, kwa seli nakubaliana nawe nusu. Inafanyika, na palipo na mashine ya tiba ni kosa kutoitumia kabisa. Lakini wewe unajua zaidi yangu. Mionzi ya volti milioni 6 ya mashine hizo haifikishi dozi kamili juu ya ngozi, inafika kilele kama sentimita moja na nusu ndani. Chupa bapa ya seli ina kimiminika cha milimita chache. Usipoizungushia plastiki au maji ya kutosha, seli zinapata pungufu ya ulichoandika kwenye daftari. Kila mara inabidi mtu kama wewe apange upya.

Panya huwezi kuwaingiza kwenye chumba cha mgonjwa aliyepungukiwa kinga. Na foleni ya wagonjwa haina usiku. Watu wa kanda ya kati wamekuwa wakisafiri mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kwa miaka, wengine wanalala kwa ndugu wiki nzima wakisubiri zamu. Siku tiba itakapokuwa karibu nao, mimi siwezi kusimama na sahani zangu mbele ya mama aliyetoka Mvumi.

#7 Mzee_wa_Kongwa

Wanangu, nawasoma. Niongeze la kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mpango wa karanga. Walileta matrekta, walichukua hata vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Udongo hawakuupima. Kiangazi ukakauka ukawa mgumu majembe yakavunjika, mvua haikutosha, mwaka 1951 wakafunga virago na mamilioni ya pauni yamepotea. Mababa zetu walikuwa vibarua pale, wangeulizwa wangesema. Kwa hiyo huyu aliyesema aajiriwe mtu kabla ya mashine, mimi namuunga mkono. Mumpate mtu anayeijua ardhi kwanza.

#8 MaabaraMakulu

Shikamoo mzee. Nakushukuru sana, na umenipa mlango wa kuingia kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Wengi wanadhani ukibonyeza namba 5 kwenye mashine, umepiga grei 5. Sivyo. Ile namba ni ahadi ya mtengenezaji katika hali fulani: umbali fulani kutoka kwenye bomba, kichujio fulani, volti fulani. Ukipandisha trei tundu moja juu, dozi inaongezeka. Ukiondoa kichujio cha shaba, mionzi laini inapita, inaishia juujuu na chini hapafiki vizuri. Sahani ikiwa katikati ya trei inapata kiasi kimoja na iliyo pembeni inapata kingine. Panya ana mifupa, na eksirei za nguvu ya kadiri humezwa zaidi na mfupa kuliko nyama, kwa hiyo uloto uliomo ndani ya mfupa unapata zaidi ya ulivyodhani. Sesiamu haina tofauti kubwa hivyo. Ukichukua dozi ya makala ya zamani iliyotumia sesiamu ukaiweka kwenye eksirei bila kuirekebisha, panya wako wanakufa wiki ya pili na hujui kwa nini.

Na panya hawafanani. Wale weusi wa kawaida wa maabara wanavumilia grei 9 au 10 kabla ya kupandikizwa. Wapo waliozaliwa bila uwezo wa kuunga vinasaba vilivyokatika, wanaotumika kupandikizwa saratani za binadamu, hao hata grei 4 ni hukumu. Kwa kulinganisha, binadamu akipigwa takriban grei 4 mwili mzima bila matibabu, nafasi yake ni nusu kwa nusu.

Sasa mhudumu wa mashine anafanya nini asubuhi? Anawasha, anapasha bomba, anaweka chemba ya kupimia mahali pa sampuli, anapiga, anaandika. Kila baada ya muda anatandaza karatasi ya filamu chini ya trei nzima, inageuka rangi kulingana na dozi, na hapo unaona kwa macho pembe ipi ina upungufu. Anachora mstari kwenye trei: sahani zisivuke hapa. Chemba yenyewe inapelekwa kusahihishwa Arusha, ambako TAEC ina maabara ya viwango vya upimaji wa mionzi, kwa hiyo hatuhitaji kuvuka mpaka. Anakataa kazi pia. Mtafiti akija na fomu isiyosema ni panya wa aina gani, anarudishwa.

Makala nyingi sana duniani, hata za vyuo vikubwa, zinaandika tu "tulipiga grei 6" bila kusema kwa nguvu gani, umbali gani, nani alipima. Jambo hilo limeshaitiwa mkutano maalumu Marekani mwaka 2011 na taasisi za viwango na za saratani. Sisi tunaoanza upya tunaweza kuanza sawasawa. Huduma ya pamoja ikimpa kila mtafiti karatasi moja yenye maelezo hayo, matokeo ya Dodoma yatasomwa na mtu yeyote na kurudiwa popote. Kwangu karatasi hiyo ina thamani kuliko mashine.

#9 Dada_Mpwapwa

Niko upande wa mifugo. Umetutaja halafu umetuacha hewani. Wadudu je?

#10 MaabaraMakulu

Dada, samahani kwa kuchelewa. Huo ndio ushahidi mkubwa tulio nao Watanzania kwamba mionzi ya utafiti ikiwekwa mahali pamoja inazaa matunda.

Mbung'o wa Unguja waliondolewa hivyo. Walizalishwa kwa wingi Tanga, madume wakapigwa mionzi ya gama mpaka wakawa hawazalishi, wakapakiwa kwenye ndege na kumwagwa kisiwani kuanzia 1994 mpaka 1997. Jike akipandwa na dume tasa amekwisha, mbung'o hupandwa mara moja tu kwa kawaida. Madume zaidi ya milioni nane waliachiliwa, na Unguja ikatangazwa haina mbung'o. IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, lilishirikiana na serikali. Sehemu moja ya mionzi, wafanyakazi waliofundishwa, kazi ikapangwa kwa ratiba.

Mfano mwingine ni malaria. Bagamoyo, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, ilijaribiwa chanjo iliyotengenezwa kwa vimelea vya malaria vilivyodhoofishwa kwa mionzi ndani ya mbu. Majaribio yalifanyika kwetu, kwa watu wetu waliojitolea. Mbu walipigwa mionzi Marekani. Naliwaza sana hilo.

#11 Mwanafunzi_wa_Ng'hong'onha

Mkuu mimi nasoma shahada ya uzamili. Kwa nini tusitume sampuli Dar tu? Treni ya SGR ipo, asubuhi Dodoma, mchana uko Dar.

#12 MaabaraMakulu

Swali zuri mdogo wangu, na jibu lake linategemea sampuli.

Zinazosafiri: seli walezi. Zinapigwa popote, zinagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, zinatumwa, unaziyeyusha ukizihitaji. Hizo hata zikitoka Dar au Nairobi sawa. Vinasaba vilivyotolewa tayari, sawa. Seramu, sawa.

Zisizosafiri: chochote unachotaka kujua kilitokea dakika 30 baada ya kupigwa. Seli ikikatwa vinasaba inaanza kuviunga papo hapo. Protini inayokusanyika kwenye mkato inafika kilele ndani ya nusu saa hivi, na baada ya saa 24 sehemu kubwa imeshaondoka. Sasa wewe upige Dar, upande treni, ufike hapa jioni ufungue darubini. Umekuta mafundi wameshaondoka. Sahani zilizopandwa juzi nazo hazipendi kutikiswa wala baridi ya kiyoyozi cha behewa. Na panya aliyefutwa uloto hana kinga yoyote, ukimsafirisha unampeleka kufa.

Kwa hiyo huduma ya pamoja iwe na pande mbili: ya hapahapa kwa visivyosafiri, na kituo cha kupokea na kutuma kwa vinavyosafiri.

#13 Muuguzi_Damu

Habari zenu. Nauliza kuhusu damu. Hapa Dodoma upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu umeshaanza Benjamin Mkapa. Wagonjwa hao tunaambiwa wanatakiwa kupewa damu iliyopigwa mionzi. Mashine yenu si ingetumika?

#14 MaabaraMakulu

Dada, umegusa penyewe. Damu ya mchangiaji ina chembe nyeupe zilizo hai. Mtu mwenye kinga yake anaziua. Mtoto aliyeondolewa kinga hawezi, na hizo chembe za mgeni zinaweza kumshambulia mwili mzima. Ni tatizo la nadra lakini likitokea karibu wote wanafariki. Grei 25 katikati ya mfuko zinazizuia zisizaane, na chembe nyekundu zinaendelea kufanya kazi.

Lakini nasema kwa msisitizo: mfuko wa damu ya mtoto usiingie kwenye kabati ambalo asubuhi liliingia panya. Damu inataka mashine yake, upande wa hospitali, yenye kibandiko kwenye kila mfuko kinachobadilika rangi kuthibitisha umepigwa, na kumbukumbu zake. Kinachoweza kugawanwa ni fundi, mwanafizikia, chemba ya kupimia, mkataba wa matengenezo na mafunzo. Mashine mbili za aina moja kwenye mji mmoja, vipuri vilevile, mtu yuleyule anayezijua. Huo nao ni ushirikiano, na pengine ndio utakaowashawishi wenye bajeti haraka kuliko sahani zangu.

#15 Fundi_Area_C

Mimi fundi wa vifaa tiba. Hamjagusa umeme na maji. Eksirei yenye nguvu inataka umeme uliotulia na kipozeo. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, ukiyapitisha kwenye kipozeo mabomba yanajaa magamba haraka sana. Nimefungua vipozeo vya hospitali moja huku, ndani kumeziba kabisa.

#16 MaabaraMakulu

Fundi, wewe ndiye tunayekutafuta. Mzunguko wa maji uwe wa kufungwa, unajazwa maji yaliyoondolewa chumvi, hayaguswi na ya bomba. Hilo liandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo.

Umeme nao una jambo ambalo wengi hawalijui. Ukikatika katikati ya kupiga grei 8, hasara haiko kwenye muda tu. Mtafiti aitwaye Elkind alionyesha mwaka 1959 kwamba dozi ikigawanywa mara mbili kwa saa chache katikati, seli nyingi zaidi zinanusurika, kwa sababu zimepata nafasi ya kuunga vinasaba vyao. Kwa hiyo 4 sasa na 4 baada ya umeme kurudi mchana si 8. Sahani hizo zinatupwa. Tunahitaji betri ya kumaliza dozi iliyoanza, hata kama haiwezi kuanzisha nyingine. Dozi ni dakika chache tu, kwa hiyo si betri kubwa ya kutisha.

#17 Fundi_Area_C

Hapo nimekuelewa. Mashine ifungwe kifaa cha kusawazisha volti kabla ya betri, la sivyo betri yenyewe itakufa mwaka wa kwanza. Na chumba kielekee kaskazini au kusini, vumbi la Agosti hapa linapiga kutoka mashariki. Chujio la hewa lisafishwe kila wiki kiangazi.

#18 Mwanafunzi_wa_Ng'hong'onha

Mkuu, na zile kazi za kutia molekuli alama kwa fosforasi yenye mionzi na nyinginezo, mtazichanganya humo humo?

#19 MaabaraMakulu

Ofisi moja ya usalama, vyumba tofauti. Fosforasi-32 nusu uhai wake ni siku 14, ukiiweka stoo kwa nusu uhai kumi, yaani karibu miezi mitano, inakuwa taka ya kawaida baada ya kupimwa. Inakingwa kwa plastiki nene, si risasi, kwa sababu risasi ikigongwa na chembe zake za beta inazaa eksirei. Tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, kipimo cha mkononi hakiioni kabisa, lazima ufute meza kwa karatasi na kuihesabu kwenye kifaa maalumu. Ni kazi zinazopungua duniani kwa kuwa rangi zinazong'aa zimechukua nafasi yake, kwa hiyo sishauri tuanze nazo. Tuanze na mashine.

#20 Fizikia_Tiba

Nimebadili mawazo kiasi. Nipo tayari kuandika sehemu ya upimaji wa dozi kwenye andiko la kuomba mashine, bure. Nitahitaji kujua mapema ni sampuli za aina gani, ndipo nichague volti na kichujio.

#21 MaabaraMakulu

Mungu akubariki mkuu. Basi tufanye hivi. Kila mwenye kazi ya kweli, si ya ndoto, aandike hapa chini mambo manne: sampuli gani, dozi gani au kati ya ngapi na ngapi, mara ngapi kwa mwezi, na kama inasafiri au haisafiri. Msiandike majina ya taasisi wala ya wagonjwa. Nitakusanya, nitaweka jedwali, tutalipeleka pamoja na andiko.

#22 Dada_Mpwapwa

Vimelea vya ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, kwa majaribio ya chanjo. Dozi bado tunatafuta, tungependa kuanza chini na kupanda. Mara mbili kwa mwezi msimu wa mvua. Havisafiri, vinakufa njiani.

#23 Mwanafunzi_wa_Ng'hong'onha

Seli za saratani ya ini, yenye kasoro ya 249 na isiyo nayo. Sifuri hadi grei 8. Kila wiki kwa miezi sita. Hazisafiri.

#24 MaabaraMakulu

Mdogo wangu, nimekuandika wa pili. Ongeza unatumia sahani za kipenyo gani na kimiminika kina cha milimita ngapi, Fizikia_Tiba atazihitaji zote mbili. Dada, kwa vimelea taja vinakaa kwenye nini wakati wa kupigwa: mrija, kupe au damu.